Povu la kifafa haliambukizi

Mtu akianguka kifafa mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, watu hujaa haraka, lakini kwa mbali. "Msimguse, povu hilo!" Wengine wanaogopa mkojo, wengine hata ushuzi. Basi aliyeangukia karibu na jiko la mama lishe anaungua huku watu wazima wanatazama.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Povu ni mate yake mwenyewe, hajayameza. Likiwa na damu, huenda ameng'ata ulimi. Huwezi kuambukizwa kwa kumshika.

Woga hauondoki kwa kuambiwa usiogope. Ipe mikono kazi. Kwanza angalia saa kwenye simu. Kisha sogeza jiko, visu, karai la mafuta ya moto. Weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola. Usimkandamize, bega linaweza kuteguka. Kijiko mdomoni ndiyo balaa kubwa: ulimi haumezwi, ila meno yanaweza kuvunjika, na ukitia kidole anaweza kukiuma vibaya. Kiatu na kitunguu puani havisaidii kitu, ni kumdhalilisha tu.

Akiacha kutikisika, mlaze ubavu. Piga goti kando yake, mkono wake ulio karibu nawe unyooshe pembeni, kunja goti lake la upande wa pili, kisha livute kuelekea kwako. Atageuka kirahisi hata kama ni pande la mtu. Mdomo uelekee chini ili mate yatoke.

Dakika 5 zikipita bado anatikisika, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuteni gari la hospitali. Vivyo hivyo kwa mjamzito, aliyeumia, au anayeanguka kwa mara ya kwanza.

Ziwani ni tofauti kidogo. Inua kichwa chake, uso uwe juu ya maji, mpaka mtikisiko ukome, ndipo mumvute ufukoni. Hospitali aende hata akisema mzima, maana huenda maji yameingia mapafuni.

Maji ya kunywa yasubiri mpaka aweze kujibu jina lake. Mwambie yuko wapi, taratibu, hata mara tatu, atakuwa amechanganyikiwa. Na kama suruali imelowa, mfunike khanga kiunoni mapema, watu watawanywe, ili akifumbua macho aone mtu mmoja tu ameketi kando yake.