Chaki ya fundi wa Malappuram

Vyerehani vyetu vinatazamana hapa Ruwi, Muscat: mimi wa Unguja, mwenzangu wa Malappuram, Kerala, India. Vipimo huandika kwa chaki juu ya kitambaa, kwa herufi za kwao, za Kimalayalam. Siku ya kwanza nilidhani anachora nakshi ya kanzu.

Nikamwomba aandike "duka". Akaandika കട, kada. Herufi ya kwanza ni ka, na ile "a" imo ndani yake, haiandikwi. Ukitaka ku, unaitia mkia: കു. Yeye huushikanisha mkia na herufi, kama alivyomwona babake akiandika. Vitabu vyake vya shule viliutenganisha na herufi, maana mwaka 1971 serikali ya Kerala ilirahisisha maandishi ili yaenee kwenye taipureta. Sasa simu yake inaushikanisha tena, na alinionyesha kwa furaha kweli.

Na kwa nini herufi zao ni za mviringo? Zamani waliandika kwa kalamu ya chuma juu ya jani kavu la mvumo, kisha wakalipaka masizi mikwaruzo ionekane. Mstari ulionyooka kufuata nyuzi hulipasua jani. Maandishi yao ya kale, vattezhuthu, hayakuwa na herufi za kutosha kwa sauti za Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hayakutenga ga na gha. Wakachukua za Grantha, zilizotumika kusini mwa India kuandikia Kisanskriti, na hizo ndizo zilizozaa herufi za leo. Anayetukuzwa kwa kuzieneza ni mshairi wa karne ya 16, Thunchaththu Ezhuthachan, mtu wa Tirur, huko huko Malappuram. Ezhuthu ni maandishi, achan ni baba.

Lililonigusa zaidi ni mamake. Yeye husoma Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, zilizoongezwa nukta kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Waislamu wa Kerala wameandika hivyo kwa karne nyingi. Utenzi wao wa kumsifu Sheikh Abdulqadir Jilani, Muhyiddin Mala, ni wa mwaka 1607. Nikamkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu. Barua zake zote za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo.

Jana nikashika chaki, nikaandika "kiuno" kama bibi. Mwenzangu akainama, akasoma polepole: "kiunu". Kweli, bibi hakutenga o na u. Nikamtamkia sawasawa, akarudia mara mbili, kisha akanipa futi tupime.