Mafuta ya breki yalipotea bila kudondoka

Kila Jumamosi nateremka kutoka Mbale, Vihiga, kwenda Kisumu. Ukishapita Kiboswa barabara inainama kuelekea Mamboleo, na hapo ndipo pedeli ya breki ilipoanza kunitia hofu: nikiikanyaga na kuishikilia, inazama polepole. Mafuta ya breki nilikuwa naongeza kila wiki, lakini magurudumu yalikuwa makavu, na chini ya gari hakuna hata tone.

Fundi wa kwanza alibadilisha padi. Pedeli ikaendelea kuzama.

Siku moja asubuhi nikaona moshi mweupe nyuma ya gari. Nikazima injini, nikapampu pedeli mpaka ikawa ngumu, kisha nikawasha huku nimeikanyaga. Sevo (kifaa kinachotumia mvuto wa upepo wa injini kurahisisha kukanyaga breki) ikiwa nzima huifanya pedeli ishuke kidogo. Yangu haikutikisika, na upepo ulisikika ukivuma karibu na miguu yangu. Nikafungua nati 2 zinazoshika masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki, iliyofungwa mbele ya sevo), nikaivuta: nyuma pamelowa kabisa! Raba ya nyuma ilikuwa imekwisha, mafuta yakaingia kwenye sevo na kuharibu mpira wake. Na kwa kuwa sevo hunyonywa upepo na injini kupitia paipu, injini ilikuwa inayanywa na kuyachoma.

Nilitaka kubadilisha raba tu, ni nafuu. Lakini nilipopitisha kidole ndani ya silinda nikahisi mikwaruzo, na raba mpya ingekatika palepale. Nikanunua masta silinda mpya, na sevo iliyotumika ambayo niliijaribu kwanza kwa kuinyonya upepo.

Kabla ya kuifunga, niliibana masta silinda kwenye jiliwa, nikaijaza mafuta na kusukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yakaisha. Usiruke hatua hii. Upepo uliobaki humo utakusumbua siku nzima. Mafuta yakikumwagikia kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja, maana yanaibambua.

Mpwa wangu akakaa kwenye usukani tukatoa upepo, tukianzia gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshikilia, mjomba."

Nafungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu), nafunga, ndipo anaachia. Tulimaliza giza likiingia. Kesho yake nilizunguka kwanza kwenye tambarare nikikanyaga breki mara kwa mara. Jumamosi nikateremka Kiboswa, na pedeli ikabaki juu mpaka Mamboleo.