Yamaha FJR1300 ya mtumba: kilomita 500 za kwanza, Dar hadi Iringa

Pikipiki yenyewe ni FJR1300 ya mwaka 2007, ikiwa na kilomita 58,000 kwenye dashibodi. Injini ni ya cc 1,298, silinda nne zimepangwa mstari mmoja, gia ni tano, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Tenki linabeba lita 25. Ikijazwa mafuta, oili na maji, inakaribia kilo 290, yaani zaidi ya mara mbili ya pikipiki ya cc 150 tunayoiona kila kijiwe cha bodaboda. Imeundwa kwa safari ndefu kwenye lami kwa mwendo wa kasi. Anayetaka pikipiki ya vumbi na makorongo atafute nyingine.

Haikuwa na rekodi ya matengenezo, kwa hiyo kabla ya kuitoa mjini nilibadilisha kila kimiminika. Oili ya injini ni lita 4 ukibadilisha na filta, lita 3.8 bila filta. Nilitumia 10W-40 yenye alama ya JASO MA. Tafuta alama hiyo kwenye kopo, kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaoga kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ikivilamba inaanza kuteleza: injini inapanda mizunguko, mwendo hauongezeki. Difu ya nyuma inachukua mililita 200 tu za oili ya gia ya GL-4. Maji ya breki na ya klachi, vyote DOT 4, yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Hapo breki ambayo nilidhani ni laini kwa maumbile yake ikawa ngumu na ya kuaminika.

Oili ipimwe pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa dakika chache, kupitia kidirisha cha kioo. Ukitazama imelala kwenye stendi ya pembeni utaona kama imepungua na utaongeza bila sababu. Hii yangu ilikuwa imezidishwa hivyohivyo.

Sasa matairi, ambayo ndiyo nusu ya maelezo haya. Saizi ni 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma, yote tubilesi. Kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, zilikuwa nyingi, na muuzaji alizionyesha kwa fahari. Lakini soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo umekuwa mgumu hata kama haujaisha, na kwenye mvua unateleza kama sabuni. Halafu la nyuma lilikuwa limekuwa bapa katikati, matokeo ya kwenda moja kwa moja miaka mingi. Tairi la namna hiyo linaeleza tabia ambayo wengi huilaumu fremu: unalaza pikipiki kwenye kona, mwanzoni inakataa, kisha ikivuka ule ukingo wa bapa inaanguka ndani ghafla.

Nilizunguka nayo kilomita 15 kwa matairi ya zamani ili niijue tofauti. Upepo ulikuwa psi 28 mbele na 30 nyuma. Usukani ulikuwa mzito kama wa trekta, na nilipopunguza mwendo kutoka 80 hadi 60 huku nimelegeza mikono, usukani ulitikisika. Kwa psi 39 mbele na 42 nyuma, ambavyo ndivyo kitabu cha pikipiki kinavyotaka, uzito ule uliondoka karibu wote. Mtikisiko ulibaki kidogo hadi nilipofunga matairi mapya, ukaisha. Ungebaki baada ya hapo, ningekagua beringi za usukani: inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole, na ukihisi kama unanasa katikati, beringi zimekwisha. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Kijana wa pampu anayepima kwa kugonga tairi na spana anajua tairi za boda, za hii hazijui.

Matairi ya saizi hii hayapo kila duka Dar. Agiza kabla ya kufungua la zamani, usije ukakaa wiki mbili na ringi tupu.

Uzito. Ukiwa umesimama unauhisi wote. Ikishatembea kasi ya mtu anayekimbia, unapotea, na hilo linashangaza kila anayeipanda mara ya kwanza. Hatari iko katikati: kugeuza mahali finyu, kuegesha kwenye mteremko, kusimama na mguu ukakuta changarawe. Kwa mwendo huo mdogo tumia klachi nusu, eksileta kidogo isiyobadilika, na breki ya nyuma kwa upole. Breki ya mbele usukani ukiwa umekatwa inaiangusha hapohapo. Stendi ya pembeni inazama kwenye mchanga na hata kwenye lami iliyolainishwa na jua la mchana, kwa hiyo nabeba kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja. Kuipandisha stendi ya kati si nguvu za mkono: kanyaga kile kiguu cha stendi kwa uzito wako wote mpaka miguu yote miwili ya stendi iguse chini, ndipo uvute kishikio juu. Anayevuta kabla ya kukanyaga anaumia mgongo.

Eksileta ilikuwa na mrusho. Ukifunga kisha ukafungua kidogo katikati ya kona, pikipiki inaruka mbele. Sehemu ni tabia ya injini yenye nguvu na shafti, lakini sehemu kubwa ilikuwa ulegevu wa kebo. Mchezo kwenye mpini unatakiwa uwe milimita 3 hadi 5. Hii ilikuwa inakaribia 10. Niliurudisha kwenye 3, na kilichobaki kinatibiwa na mkono: usifunge eksileta kabisa ukiwa umelala kwenye kona.

Klachi nayo ina jambo lake. Ikilala usiku kucha, pleti zinashikana kwa oili, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo cha kuamsha jirani. Washa, acha ipate moto dakika mbili hivi, bana klachi uhesabu hadi kumi, ndipo uingize gia. Kishindo kinabaki kidogo, hakivunji kitu.

Niliondoka saa 12 asubuhi. Kabla ya hapo nilishaipitisha kwenye foleni ya Ubungo mchana, makusudi, kwa sababu joto la foleni ndilo mtihani wa rejeta na feni. Kipimo cha joto kilipanda, feni ikawaka, kikashuka. Ingekuwa feni haiwaki, safari ingeahirishwa. Joto linalompata dereva ni suala lingine: magoti yanaoka, ingawa toleo hili lina vibao vya pembeni unavyoweza kuvivuta nje ili hewa moto ipite mbali na miguu. Vivute ukiwa Dar, virudishe ukifika nyanda za juu.

Kibaha hadi Chalinze ni malori na vibao vya 50. Hapa gia tano zinachanganya mtu aliyezoea kubadili hadi mwisho. Kwa kilomita 100 kwa saa gia ya tano inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo kwa 50 iko chini mno, injini inagonga na shafti inalalamika. Kaa gia ya tatu vijijini. Inazunguka zaidi kidogo ya 2,000 na inajibu mara moja. Spidi ya dashibodi inasoma zaidi ya ukweli: ikiandika 100, GPS ya simu ilisema 95. Usiitumie tofauti hiyo kubishana na tochi ya trafiki ya kupima mwendo.

Kulipita lori ndipo unapoelewa kwa nini mtu ananunua cc 1,300. Gia ya tatu, kutoka 60 hadi 100, ni suala la sekunde chache, na muda unaokaa upande wa kulia wa barabara unakuwa mfupi. Tatizo ni mikono kusahau. Pikipiki hii haikuambii kwamba umefika 130. Haina kelele wala mtetemo wa kukuonya.

Kioo cha mbele cha kukinga upepo, kinachopanda na kushuka kwa umeme, nilikitumia vibaya mwanzoni. Kikipandishwa juu kabisa, upepo unazunguka nyuma yake na kukusukuma mgongoni, na kofia inapigwa. Kwa urefu wangu wa sentimita 176 theluthi moja ya mwendo wake ilitosha: upepo unapita mabegani, kifua kimetulia. Basi la mkoani likipishana nawe kwa kasi, kioo kilichopanda chote ni tanga. Kishushe, shika tenki kwa magoti, mikono iwe laini.

Breki zinahitaji kueleweka kabla ya kuhitajika. Kwenye toleo hili kanyagio la mguu halishiki nyuma peke yake, linatuma pia sehemu ya nguvu kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski) moja ya mbele. Kwa mwendo wa barabara kuu ni jambo zuri, pikipiki inashuka yote kwa pamoja bila kuinamisha pua. Kwenye changarawe au ukigeuza polepole, kumbuka kwamba mguu nao unaigusa breki ya mbele. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki, niliijaribu kwenye lami kavu isiyo na gari nyuma, kwa 40, nikibana kwa nguvu inayoongezeka: mpini unadunda vidoleni, usiuachie. Taa ya ABS ikibaki inawaka baada ya kuanza kutembea, breki za kawaida bado zipo ila mfumo umejizima. Anza kwa kukagua volti za betri na vihisio vya magurudumu.

Rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) na matuta ndivyo vilivyonisimamisha Morogoro. Nyuma ilikuwa inadunda mara mbili kila tuta, na chini kulikuwa na mlio wa chuma. Nafasi ya chini ni takriban sentimita 13 tu, na kinachogusa kwanza ni stendi ya kati. Shokapu ya nyuma ina wenzo pembeni wenye nafasi mbili, laini na ngumu. Ilikuwa kwenye laini, na mimi na masanduku mawili ya pembeni tulikuwa tumeishusha. Kuiweka kwenye ngumu kuliinua mkia, stendi ikaacha kugusa kwa mwendo wa kawaida wa tuta, na faida isiyotarajiwa ni kwamba usukani ulikuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa mkia ukiinuka, nguzo za mbele zinakaa wima zaidi. Kudunda kulipungua baada ya kukaza skrubu ya kuzuia springi kurudi haraka, kliki mbili kwa wakati, nikijaribu kila mara kwenye tuta lilelile. Masanduku yenyewe yasizidi kilo 10 kila moja, na yapimwe yalingane. Upana wake unazidi vioo vya kutazama nyuma, kwa hiyo pale mbele ya pikipiki inapopita, nyuma inaweza kunasa.

Ndani ya Mikumi, kilomita 50 hivi, fuata vibao vya mwendo. Mbali na faini, kinyesi cha tembo kwenye lami kina ukubwa na ulaini wa kumwangusha mtu, na nyani hawana ratiba.

Mlima Kitonga niliupanda kwa gia ya pili na ya tatu, nikikaa katikati ya njia yangu. Kwenye kona kali malori humwaga dizeli, hasa yaliyojaza tenki hadi shingoni, na utaiona kama mstari mweusi unaong'aa upande wa nje. Kwa matairi mapya na mkia ulioinuliwa, pikipiki ililala mara moja na kubaki pale nilipoiweka. Injini hii ina zuio kubwa ukifunga eksileta, kwa hiyo wakati wa kushuka gia ya pili inafanya kazi ambayo wengine wanaifanya kwa pedi za breki. Pedi zenyewe kiwango cha mwisho ni milimita 0.8, mimi nabadilisha zikifika 2, maana kutoka hapo hadi chuma juu ya diski si safari ndefu.

Hadi Iringa ilikuwa kilomita 497 na lita 28.6, sawa na kilomita 17.4 kwa lita. Petroli ya kawaida inatosha. Kipande cha mwisho cha geji kikianza kupepesa zimebaki karibu lita 5.5, ambazo kwa mwendo huo ni kilomita 90 za hesabu, 70 za busara.

Asubuhi yake, pikipiki ikiwa baridi, nilipitisha kitambaa cheupe kila mahali. Nguzo za mbele kavu, sili ziko sawa. Maji ya rejeta hayajashuka. Difu ilikuwa na unyevu kuzunguka nati ya kujazia. Pete mpya ya aluminiamu (washa) chini ya nati ikamaliza tatizo. Nilipoishika nyuma na kuipandisha na kuishusha, kulikuwa na mlio wa ukavu kwenye viungo vinavyobeba shokapu. Beringi zile hazipati grisi bila kufunguliwa, na kwa kilomita 58,000 yamkini hazijawahi kufunguliwa. Zinafanywa siku gurudumu la nyuma likitolewa, pamoja na kupaka grisi meno ya shafti. Valvu nazo zipimwe, kwa kuwa muda wake ni kila kilomita 42,000. Utulivu wa injini usikudanganye hapo: valvu iliyolegea ndiyo inayogonga, iliyobana iko kimya mpaka iungue.