Arosto ya unga si arosto ya methadoni

Wengi huamini kwamba dawa ya mmea ina arosto (mateso ya kukosa au kuacha dawa) nyepesi na ya maabara ina arosto kali. Sivyo. Mofini hutoka kwenye afyuni, heroini, yaani unga, ni mofini iliyobadilishwa kikemia, methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha unga) na tramadoli (dawa ya maumivu) ni za maabara tupu. Kinachoamua zaidi ni muda dawa inaokaa mwilini.

Unga huondoka haraka. Saa 8 hadi 24 baada ya kete (kipimo cha unga) ya mwisho miayo inaanza, makamasi na machozi yanatoka, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, kisha kutapika na kuhara. Siku ya 2 na ya 3 ndizo ngumu kuliko zote. Kati ya siku ya 4 na ya 10 mwili hutulia, ila usingizi huchelewa kurudi. Arosto ya methadoni huanza saa 12 hadi 48 baada ya dozi ya mwisho na kuburuza siku 10 hadi 20. Haina makali ya unga, ila urefu wake unawavunja watu moyo. Ndiyo maana anayeiacha hupunguziwa dozi kidogo kidogo, kwa miezi.

Ipo arosto inayompata mtu ambaye hajakosa dozi ya methadoni hata siku moja: aliyeanzishwa dawa za TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini livunje methadoni upesi, na dozi iliyokuwa ikimtosha haimfikishi tena asubuhi. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa huyu hadanganyi! Aongezewe dozi, kisha ipunguzwe kwa uangalifu TB ikimalizika. Asiposikilizwa, ataacha vidonge vya TB au atarudi kwenye kete.

Tramadoli hugusa pia serotonini, kemikali ya ubongo, hivyo baadhi ya watu wakiikata ghafla hupata hofu kali, kuchanganyikiwa, ganzi, hata kuona visivyokuwepo.

Anayetapika na kuhara apewe ORS mfululizo, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kuua. Mjamzito asiache ghafla. Aende kliniki ya methadoni. Na aliyekaa wiki bila unga, kiasi alichozoea zamani kinaweza kumzimisha pumzi, kwa sababu mwili haukihimili tena. Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha, huzindua, lakini nguvu yake ni dakika 30 hadi 90 tu. Aliyezidisha methadoni akizinduka, asiruhusiwe kwenda nyumbani: methadoni bado imo mwilini, na pumzi inaweza kukata tena.