Bustani yangu ya wanyama haina simba, na nimechoka kuulizwa kwa nini

Kila anayeiona michoro yangu hunipa ushauri uleule: anza na simba. Jirani kasema, shemeji kasema, hata fundi aliyekuja kutengeneza pampu ya maji akakuta karatasi zimetapakaa sebuleni. "Mzee, bila simba watu watalipia nini getini?" Getini wapi? Bustani yenyewe ipo kwenye karatasi za grafu na vipande vya katoni. Hakuna atakayelipa kitu.

Kuchora bustani ya wanyama ya kufikirika ndiyo starehe yangu. Wenzangu wana kandanda na bao. Mimi nina ile bustani ambayo ningeijenga kama ningekuwa na ekari, pesa na kibali. Sina hata kimoja kati ya hivyo, lakini uchawi siuruhusu: kila mnyama ninayemuweka lazima ale, anye, augue na afe mlemle, na kila moja ya shughuli hizo iwe na mahali pake kwenye ramani. Ndiyo maana wale wanaoanza kwa orodha ya wanyama huishia na picha nzuri tu. Tembo mzima hunya kama kilo mia kwa siku. Anayetaka niweke tembo sita aniambie kwanza trekta la samadi litapita wapi bila kugongana na watoto wa shule.

Mimi nilianza na samadi, na nina raha kulisema hilo. Huku Pwani pepo za kusi na kaskazi zote zinatoka upande wa bahari, moja kusini na nyingine kaskazini. Kwa hiyo shimo la samadi na karantini nimeviweka upande wa bara, na harufu haimfikii mgeni mwaka mzima. Kuna jamaa alinishauri niachane na karatasi ninunue mchezo wa kompyuta wa kujenga bustani za wanyama. Nikauliza: una kusi? Akanyamaza.

Eneo ni machimbo ya zamani ya matumbawe. Wazo hilo nimelitoa hifadhi ya Haller Park pale Bamburi, Mombasa, na sioni haya kusema nimeiga. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mwamba mpaka pakabaki uwanja mweupe usioota kitu. Mwaka 1971 René Haller wa kiwanda hicho akaanza kujaribu miti, na iliyoshika vizuri ni mivinje. Shida ikawa majani yake makavu hayaozi upesi, basi wakaingizwa jongoo. Jongoo wakatafuna, wakanya, udongo ukaanza kujengeka juu ya mwamba mtupu. Ndiko alikopelekwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe aitwaye Mzee. Watu wote wanamkumbuka kiboko na kobe wake. Mimi jongoo nimewapa banda la pili kutoka mlangoni.

Uzuri wa machimbo ni kwamba ukuta ushachimbwa. Kwenye bajeti yangu, ambayo ni ya kufikirika kama bustani yenyewe, hapo pekee nimeokoa mamilioni. Panapokosa ukuta nimetumia handaki, mtindo wa Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani yake ya wanyama Stellingen karibu na Hamburg, Ujerumani, mwaka 1907: hakuna nondo mbele ya macho, mnyama anaonekana kama yuko huru, kumbe katikati pana shimo asiloweza kuliruka. Bwana huyohuyo alikuwa akiwaonyesha na binadamu kwa kiingilio. Nimechukua handaki lake, yeye mwenyewe nimemuacha hukohuko.

Sasa, handaki kwenye karatasi halikwambii kitu. Utajuaje kama mgeni ataliona au hataliona? Hapa ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia kuliko yote.

Nilijenga mfano wa katoni juu ya meza, sentimita moja ni mita moja. Gundi na katoni havikufika hata bei ya kilo ya nyama. Twiga ni njiti ya kiberiti, na urefu unalingana kabisa. Paa nunga, yule mdogo wa Unguja na msitu wa Arabuko-Sokoke, ni punje ya kunde. Halafu simu: ukiisimamisha kawaida, kamera inakuwa juu kama ndege. Igeuze kichwa chini, miguu juu! Kamera ya simu yangu inakaa sentimita moja na nusu hivi kutoka mezani, yaani mita moja na nusu, jicho la mtu mzima. Nikaitelezesha taratibu kwenye njia zangu huku narekodi video, mke wangu ananiangalia kama mgonjwa. Handaki lilitoweka kabisa, safi! Ila nyuma ya paa nunga, katikati ya picha, vilisimama vyoo vya wanaume. Miezi ya kuchora sikuwa nimeviona. Vikahamishwa usiku uleule.

Kisha nikainua mfano mzima nusu sentimita kwa katoni, simu ikabaki chini mezani. Jicho likashuka hadi mita moja, mtoto wa darasa la kwanza. Alichoona mtoto huyo ni ukuta wa mawe, basi. Simba kumi wangekuwa ng'ambo asingejua. Ukuta nimeubomoa, pana wavu sasa.

Jicho hilo la mita moja ndilo lililompa nafasi mnyama wangu mkuu, chura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania. Ana sentimita mbili hivi, wa manjano, na anazaa vichura kamili badala ya kutaga. Bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu ya maporomoko yake, akaanza kupotea. Mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa Bronx Zoo, New York, mwaka 2009 akatangazwa kwamba ametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Kioo chake nimekiweka usawa wa macho ya mtoto. Watu wazima na wainame. Wahudumu wana kandambili za chumba kile tu, maana ukungu unaoua vyura husafiri na viatu. Na kuna jenereta: aliyenyang'anywa manyunyu kwa ajili ya umeme, sasa umeme ukikatika hana manyunyu.

Mpwa wangu juzi aliangalia yote hayo kwa makini. "Mjomba, simba yuko wapi?" Nikamuonyesha popo wa Pemba: milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe, na njia ya wageni imeezekwa kwa sababu popo aliyeshiba papai haangalii nani yuko chini. Hakuridhika.

Ukitaka kuanza yako, tumia penseli, na jiko la chakula cha wanyama lichore kabla ya banda lolote. Ukijenga mfano, kunde zipake gundi pande zote. Mimi panya wamenilia paa nunga wote, wakaacha twiga.