Mikono ya mbao jikoni kwangu

Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, ambako roshani hubebwa na mikono ya mbao iliyochongwa nakshi, imetoka ukutani ikajikunja kama mkonga wa ndovu. Nilipohamia South B, Nairobi, nikataka miwili ya namna hiyo ibebe rafu ya jikoni. Ibebe kwelikweli, si pambo tu.

Ya kwanza niliikuta imeshachongwa, inauzwa kando ya barabara. Ilipendeza. Mwezi wa tatu ncha ya mmoja ikakatika, chungu cha mamangu kikaenda nayo. Kipande nilichookota kilikuwa kimepasuka wima, laini, kama kuni.

Nikakipeleka Gikomba kwa seremala mmoja, mtu mzima. Nakshi hakuitazama. Alikigeuza ubavu, akapitisha ukucha kwenye nyuzi za mbao.

“Binti yangu, aliyechonga hapa aliangalia maua, hakuangalia mti.”

Nyuzi zilisimama wima, kwa hiyo pale ncha inapochomoza hapakuwa na nyuzi ndefu za kuishika. Na mbao ilikuwa mbichi: mgongoni mlishaanza nyufa nyembamba kama unywele.

Tukachagua mahogani kavu ya inchi 3. Akachora umbo mshazari, nyuzi zipande kutoka kona ya chini ukutani hadi ncha ya mbele. Mbao nyingi ilibaki vipande, nami nikailipia yote, wala sijuti. Nakshi aliichonga kwa patasi, kisha akanikataza kabisa kuipitisha msasa. Msasa hula makali ya petali na ua likabaki kama limeyeyuka. Vanishi tukapaka hadi mgongoni, kwa sababu upande ulioachwa mtupu hunyonya mvuke wa jikoni peke yake na mbao ikapinda.

Ukutani ndiko nilikojifunza zaidi. Nyumba yetu ni ya mawe yaliyopigwa plasta, na plasta haishiki uzito. Alitoboa mpaka vumbi likabadilika rangi, ndipo akajua amefika kwenye jiwe, akatia plagi za kushikilia skrubu, kisha skrubu ndefu. Vichwa vya skrubu akavifunika kwa viua vidogo alivyochonga kando, vikakaa kama vimezaliwa hapo.

Alipomaliza aliishika rafu kwa mikono yote miwili, akaning'inia, viatu vikaacha sakafu. Haikulia hata kidogo.