"Play", "production", "performance": ninavyoyatenganisha ninapotafsiri

Nikitafsiri ratiba za vikundi vya sanaa hapa Dodoma, neno linalonisumbua zaidi ni letu wenyewe: onyesho. Kwenye vitabu vya tamthiliya ni kipande cha mchezo, yaani "scene" ya Kiingereza. Kwenye matangazo ni "performance", ile mara moja ya kupanda jukwaani. Bango likisema "maonyesho matano", mmoja ataelewa mchezo una vipande vitano, mwingine ataelewa utachezwa siku tano. Kwa hiyo naandika "utaonyeshwa mara tano", na utata unaisha.

Kabla sijachagua neno, natazama Kiingereza kinataja nini hasa. "Play" ni mchezo wenyewe ulioandikwa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa 1969, ni "play" moja. Kikundi kikitafuta mwongozaji, kikagawa uhusika, kikashona mavazi na kufanya mazoezi, hiyo ni "production". Kikundi kingine kikiuandaa upya, ni "production" ya pili. Kila jioni watazamaji wanapoketi ni "performance" moja. Ndiyo maana mchezo mmoja unaweza kuwa na "production" mbili na "performance" ishirini.

"Drama" na "theatre" asili yake ni Kigiriki: la kwanza latokana na kutenda, la pili ni mahali pa kutazamia. Hilo linanisaidia. Penye fasihi naandika tamthiliya. Penye jukwaa, ukumbi na watazamaji naandika sanaa za maonyesho. Ila kwa bango la kubandikwa karibu na soko la Majengo siandiki tamthiliya hata kidogo, kwa kuwa mtaani tamthiliya ni ile ya Kituruki ya kila jioni kwenye runinga. Naandika mchezo wa jukwaani.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi ni kuita kila "performer" mwigizaji. Mama wa Kigogo anayepiga muheme, ngoma ameibana mapajani, "anaperform" lakini hamwigizi mtu yeyote. Huyo ni msanii, au mpiga ngoma.

"Act" nayo ina mtego wake. Kwenye mchezo ni tendo, lenye maonyesho kadhaa ndani yake. Kwenye ratiba ya tamasha, "next act" ni kikundi kinachofuata. Ukiandika "tendo linalofuata", mshereheshaji atatangaza kitu ambacho hakipo.